MGONJWA AULIZWE KWANZA

Katika Injili ya Yohane tunasoma habari za mtu aliyekuwa hawezi kwa muda wa miaka 38, amelala kando ya birika la Bethzatha. Bwana wetu alijua kwamba mtu huyo amekaa katika hali hiyo siku nyingi, na uwezo wa kumponya alikuwa nao. Hata hivyo, alimwuliza kwanza kama anataka kuwa mzima. Swali hilo la Bwana ndilo msingi wa tahariri yetu.

Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo wamo wazee ambao mkono hutetemeka hata wakiwa wametulia, miguu huburuta, sauti imefifia na uso umekakamaa. Huyu husemwa amelewa, yule husemwa amerogwa. Wengine huona haya kusogea mbele kupokea Komunyo, na mwisho huacha kabisa kuja kanisani. Huenda wana ugonjwa wa Parkinson, ambao tabibu Mwingereza James Parkinson alieleza dalili zake mwaka 1817. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, hufa kidogo kidogo. Dawa ya levodopa hupunguza dalili, lakini tiba ya kuuondoa ugonjwa huo bado haijapatikana. Papa Yohane Paulo II, aliyefariki mwaka 2005, aliubeba msalaba huo mbele ya macho ya ulimwengu mzima. Lakini watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, katika miaka ya 2000, walikuta kwamba wengi wa wagonjwa hawakuwa wamewahi kuambiwa na tabibu yeyote wanaugua nini.

Ili tiba mpya ipatikane, ni lazima ijaribiwe kwa wagonjwa wanaokubali. Mara nyingi washiriki hugawanywa kwa kura: kundi moja hupewa dawa mpya, na jingine hupewa dawa iliyozoeleka au kidonge kisicho na dawa ndani yake. Mara nyingi mgonjwa hajui amepewa nini, wala daktari anayempima hajui. Kwa hiyo jaribio si matibabu ya kawaida. Shabaha yake ni kujifunza, na faida kwa mshiriki haina hakika. Hata hivyo, wagonjwa wetu wasipokuwamo, dawa zitapimwa kwa wengine tu, nasi tutabaki kuzipokea bila kujua zinatufaaje. Kushiriki ni tendo la mapendo, na kupewa nafasi ya kushiriki ni jambo la haki.

Wako wanaoogopa, wala hofu yao si ya kijinga. Huko Tuskegee, Alabama, nchini Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 600 walitazamwa na madaktari wa serikali katika utafiti wa kaswende bila kuambiwa ukweli. Wenye ugonjwa hawakutibiwa kwa penisilini hata ilipokwisha kujulikana kuwa inaponya. Kanisa halikunyamaza juu ya mambo ya namna hiyo. Mwaka 1952 Papa Pius XII, akihutubia wataalamu wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, alifundisha kwamba maendeleo ya sayansi hayampi daktari mamlaka juu ya mtu asiyeridhia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2295, inafundisha vivyo hivyo.

Mgonjwa au jamaa yake anayetafuta jaribio aanze kwa daktari anayemtibu, au katika kliniki za hospitali za rufaa kama KCMC, Bugando na Muhimbili. Liko pia daftari la majaribio ya tiba la Afrika, linalotunzwa Cape Town, ambalo husomwa bure kwa intaneti. Kijana wa parokia mwenye ujuzi huo anaweza kumsaidia mzee wake.

Kabla ya kutia sahihi, mgonjwa aulize haya: Je, utafiti huu una kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kama ni wa dawa, cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Madhara yake ni yapi, na nikidhurika nani atanitibu? Dawa ninazotumia sasa itakuwaje? Maana kuacha levodopa kwa ghafla ni hatari. Naweza kujitoa bila kunyimwa matibabu yangu? Na dawa ikionekana kunifaa, nitaendelea kuipata? Azimio la Helsinki la mwaka 1964, lililorekebishwa tena mwaka 2024, linataka swali hilo la mwisho lipangiwe jibu kabla ya jaribio kuanza. Kurudishiwa nauli ni halali. Bali anayemtoza mgonjwa fedha ili ajaribiwe dawa na atiliwe mashaka.

Nanyi viongozi walei, makatekista na wenyeviti wa Jumuiya, wajibu wenu una mpaka. Mtafiti akifika, msimwahidi watu. Hakuna mwenyekiti, hakuna mtoto wa mgonjwa, wala hakuna padre awezaye kuridhia badala ya mtu mwenye akili timamu. Alama ya dole gumba haina maana kama aliyeitia hakuelewa. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, mbele ya shahidi asiye na masilahi katika utafiti huo, kisha apewe siku za kutafakari. Akikataa, asilaumiwe.

Wale watu wanne wa Kapernaumu walibomoa dari ili mwenzao aliyepooza afike mbele ya Yesu. Kazi yetu ni hiyo: kumtoa mgonjwa mafichoni, kumfikisha kwa tabibu na kukaa naye anapouliza maswali yake. Jibu ni lake mwenyewe.