Neno la Mwaka na Mtu Aitwaye Hanania

Ikishapita Krismasi, swali linalozunguka katika makanisa yetu mengi ni moja: neno la mwaka ni lipi? Kinachongojwa ni kaulimbiu fupi ya kutoshea kwenye flana na stika ya gari: mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa kicheko, mwaka wa milango kufunguka. Usiku wa Desemba 31, saa sita ikikaribia, mhubiri anaitamka, vigelegele vinapigwa, na mwaka unahesabiwa kuwa umeshapata mwelekeo. Asiyefika mkeshani anapigiwa simu asubuhi aelezwe alichokosa.

Sina ugomvi na mkesha wenyewe. Kuumaliza mwaka kwa shukrani na kuuanza kwa maombi ni desturi njema, na nyumba nyingi zimelala salama usiku ule kwa sababu baba alikuwa kanisani badala ya baa. Ninachokipinga ni imani iliyopandikizwa juu yake: kwamba mwongozo wa Mungu kwa mwaka ni habari za mapema kuhusu atakachokupa, kwamba habari hizo hutolewa usiku mmoja, na kwamba zina msemaji wake, aliyeshika kipaza sauti.

Suala la tarehe halituchukui muda. Januari 1 tumeirithi kwa Warumi. Waisraeli waliagizwa kuuhesabu mwezi wa Pasaka kuwa wa kwanza. Uingereza, nchi ya Kikristo kwa karne nyingi, kisheria ilianza mwaka Machi 25 mpaka ilipobadili utaratibu mwaka 1752. Wakristo wa Ethiopia hupokea mwaka mpya Septemba hadi leo, na kalenda ya Kanisa yenyewe huanza Majilio, takribani wiki nne kabla ya Krismasi. Kama kuna malango ya mbinguni yanayofunguka saa sita usiku, itabidi tuulize ni saa sita ya kalenda ipi.

Lililo zito ni Maandiko tunayoyatumia. Mstari unaopendwa kuliko yote mwezi Januari ni Yeremia 29:11, ule unaosema Mungu anawawazia watu wake mema. Upo kwenye kadi, kwenye vitenge vya kwaya, juu ya milango ya fremu. Wachache huuliza umekatwa kutoka wapi. Umekatwa kutoka kwenye barua, na barua ile iliandikwa kuwapinga watu waliokuwa wakigawa aina hii hii ya neno la mwaka.

Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza alimchukua mateka mfalme Yekonia pamoja na wakuu na mafundi wa Yerusalemu, akawapeleka Babeli. Miaka michache baadaye, katika mwaka wa nne wa mfalme Sedekia, nabii Hanania wa Gibeoni alisimama hekaluni mbele ya makuhani na umati, akatangaza kwamba Bwana ameivunja nira ya Babeli: ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, na mateka nao. Yeremia alikuwepo, shingoni amevaa nira ya mti, ishara ya utumwa aliokuwa akiutabiri. Hanania akaivua ile nira akaivunja hadharani. Fikiria shangwe ya siku ile. Alikuwa na muda maalumu, alikuwa na tendo la kinabii, alilitaja jina la Bwana, na aliahidi kitu ambacho kila aliyekuwepo alikitamani.

Ajabu ni kwamba Yeremia aliitikia Amina. Alisema na iwe hivyo, akaongeza kuwa nabii anayetabiri amani hutambulika neno lake likitimia, na nira ilipovunjwa akaenda zake. Hakurushiana naye maneno. Baadaye ndipo alipotumwa kumwambia Hanania kwamba hakutumwa na Mungu, na kwamba amewategemeza watu kwenye uongo. Hanania alitoa unabii wake mwezi wa tano. Mwezi wa saba wa mwaka ule ule alikuwa amekufa.

Sura inayofuata ndiyo ile barua. Yeremia anawaandikia walioko Babeli wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani wale mazao yake, waoe, waoze watoto wao, na wauombee heri mji ule ule uliowateka. Anawaonya wasiwasikilize manabii na waaguzi walio kati yao. Itachukua miaka 70, anasema, na ahadi ya mema inakuja hapo hapo, ikiwa imeshikana na hiyo miaka 70. Mtu mzima aliyesomewa barua ile alijua atazikwa Babeli. Mstari tunaoubandika mlangoni tukitarajia gari kabla ya Juni, wenyewe wa kwanza waliupokea pamoja na agizo la kulima bustani ugenini na kulea wajukuu.

Kwa hiyo tuna watu wawili waliosimama mbele ya taifa lenye hofu kuhusu kesho. Mmoja alitoa tarehe, mwingine akatoa kazi za kufanya. Aliyetumwa na Mungu ni huyu wa pili, na nadhani hilo linatosha kutufundisha mwongozo wa Mungu una sura gani.

Nitaambiwa: je, Mungu hawezi kufunua yajayo? Anaweza. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 11, Agabo alitabiri njaa kubwa, na ikaja siku za Kaisari Klaudio. Lakini tazama waliomsikia kule Antiokia walifanya nini. Kila mmoja alichanga kadiri ya uwezo wake, mchango ukapelekwa kwa ndugu wa Yudea kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Unabii wa kweli ulihusu shida, na uliwafanya watu watoe mfukoni kwa ajili ya wengine. Mwingi ninaousikia mwezi Januari unahusu neema ya msikilizaji mwenyewe, na fedha huelekea madhabahuni.

Andiko la Agano Jipya linalogusa mipango ya mwaka mzima waziwazi ni la Yakobo, sura ya nne. Anawataja wafanyabiashara wanaosema watakwenda mji fulani, wakae mwaka, wauze na kupata faida. Hawakatazi biashara. Anawakumbusha kwamba ya kesho hawayajui, na kwamba mipango yao ipitie kwenye mapenzi ya Bwana. Kisha anafunga sura kwa kusema kuwa ajuaye lililo jema asilitende anatenda dhambi, na mistari michache mbele, anawageukia matajiri waliozuia ujira wa vibarua wao wa shambani. Mpangilio huo una akili. Mtu anayefunga siku 21 kutafuta mwelekeo wa mwaka, huku dada wa kazi anamdai mshahara wa Novemba, mwelekeo anao tayari. Alipe.

Yapo maamuzi ambayo Biblia haikuyataja kwa jina, na Januari huyaleta yote kwa pamoja: ada, kodi ya nyumba, mkopo wa kikoba, kuhama kazi, kumuoa huyu au kumwacha. Hapo mtu anahitaji kweli kuongozwa. Lakini hata Paulo hakuongozwa kwa tangazo la mwaka. Alitaka kuhubiri Asia, akazuiwa. Akajaribu Bithinia, akazuiwa tena. Alipofika Troa akaona usiku mtu wa Makedonia akimwita, na hata hapo Matendo yanasimulia kwa wingi: yeye na wenzake walipima wakaona kwamba Mungu amewaita. Walipofika Filipi, wa kwanza kuwapokea alikuwa Lidia, mwanamke mfanyabiashara wa vitambaa vya zambarau. Si muda mrefu baadaye Paulo na Sila walichapwa bakora wakatiwa gerezani. Kwa vipimo vya mikesha yetu, safari ile tungesema haikuwa na kibali.

Kwa hiyo anayetafuta mwongozo aombe hekima, kama Yakobo anavyoagiza, kisha awaketishe watu wanaomfahamu: mwenzi wake, mzee wa kanisa mwenye busara, rafiki asiyemwogopa. Aweke madeni yote mezani. Asome kitabu kizima cha Biblia badala ya kuchomoa mstari. Na mlango ukifungwa, asikimbilie kusema amerogwa.

Wala sisemi neno la mwaka lifutwe. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, wana neno la kila siku tangu 1728, na kitabu chake kimekuwa kikichapwa tangu 1731. Mstari wa Agano la Kale wa kila siku hupatikana kwa kura, miaka kadhaa kabla. Makanisa ya Ujerumani yana pia mstari wa mwaka, unaochaguliwa mapema vilevile na jopo la madhehebu mbalimbali. Wamisionari Wamoravian walioanzisha kituo Rungwe, hapa Tanzania, mwaka 1891 walitoka katika desturi hiyo ya Herrnhut. Hakuna anayedai kuwa kura ile ilimwonyesha mtu kitakachompata mwezi Mei. Ni andiko la kutafakari na kulitii, linalomfaa sawasawa aliyepandishwa cheo na aliyefiwa.

Neno letu limekuwa utabiri, na utabiri lazima ukaguliwe. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inatoa kipimo: alilolinena nabii kwa jina la Bwana lisipotokea, Bwana hakulinena. Mwaka 2020 makanisa mengi, hapa na ng'ambo, yaliutangaza kuwa mwaka wa maono, kwa sababu wapima macho wa Marekani huandika 20/20 kwa mtu aonaye vizuri. Desemba 31, 2019, siku ile ile ya mikesha, Shirika la Afya Duniani lilipata taarifa ya homa ya mapafu isiyojulikana huko Wuhan, China. Machi 17 serikali yetu ikatangaza kufunga shule kwa sababu ya ugonjwa huo. Mwaka wa maono ulitukuta hatuoni hata wiki mbili mbele, na mwaka uliofuata wahubiri wakaja na kaulimbiu mpya, bila maelezo.

Mhazini wa kanisa akila fedha za paa, atasimamishwa mbele ya washarika. Neno la mwaka halina mhazini wala mkaguzi, na wanaoumia ni wale waliokopa kwa kuliamini.

Wachungaji, ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye mkesha ujao, kabla hamjatangaza neno jipya, lisomeni lile la mwaka unaokwisha mbele ya wote, mkaeleze lilitimia wapi na halikutimia wapi. Mkishindwa kufanya hivyo, msitangaze jingine.