Kibarua Akiumia Shambani Mwako

Ndugu mkulima, mwezi uliopita alikuja ofisini mwetu kijana asiye na vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vilikatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Tajiri wake alimpeleka hospitali, akamlipia dawa, akampa na madebe mawili ya mahindi, wakaagana vizuri. Lakini ajali ile ilikuwa na miezi 14, na sheria yataka madai ya fidia yapelekwe kabla ya miezi 12 kwisha.

Tajiri yule si mtu mbaya. Hakujua tu, na kutojua kwake kumemponza mwenzake. Wengi wetu twadhani Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 ni ya viwanda na mashamba makubwa ya chai. Sivyo. Mwenye ng'ombe wawili akiajiri mtu mmoja wa kukata majani, yeye ni mwajiri. Utasema, "Huyu ni kibarua, hana barua." Sheria haiulizi barua; mapatano ya mdomo yatosha, hata kama ujira ni chakula na maziwa.

Basi mtu akiumia kazini, mpeleke kwa daktari kwanza. Gharama ni juu yako. Kisha, katika siku 7 tangu kupata habari, peleka ripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Asipoweza kufanya kazi siku 3 au zaidi, astahili kulipwa mshahara wake mpaka apone, ila si zaidi ya miezi 12. Akibaki na kilema cha kudumu, fidia huhesabiwa kutokana na mshahara wa miezi 96, kwa kadiri ya kilema chenyewe. Miezi 96 ni miaka 8! Nani kati yetu aweza kutoa fedha hizo mfukoni? Ndiyo sababu sheria yaamuru kila mwajiri awe na bima. Najua wengi huchukia neno hilo, hata mimi zamani nililichukia, lakini naona ni heri kuuza mbuzi kwa ajili ya bima kuliko kuuza shamba.

Nawe kibarua, usingoje jeraha lipone. Mwarifu tajiri siku ile ile, kwa mdomo au kwa maandishi. Na karatasi ya hospitali iweke mahali pasipofikiwa na mvua wala panya.