Kamati ya Usalama si Pambo la Ukutani

Ndugu wanachama, tunawauliza wafanyakazi wa Musoma, Bunda na Butiama swali moja: nani mjumbe wa kamati ya usalama mahali pako pa kazi, na mara ya mwisho alikuambia nini? Wengi watakuna vichwa. Wengine watataja jina la mtu, na mtu huyo akiulizwa atajibu, "Mimi niliandikwa tu."

Hapo ndipo penye ugonjwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyofuta ile Sheria ya Viwanda waliyotuachia wakoloni tangu 1950, inataka wawakilishi wa usalama na kamati zao. Basi wako waajiri waliotii kwa kalamu. Majina yameandikwa, karatasi imebandikwa ukutani, mkaguzi akija anaonyeshwa, anakwenda zake. Mjumbe haitwi mkutanoni, hasomewi kitabu cha ajali, haambiwi dawa gani imeletwa ghalani. Hiyo si kamati. Hilo ni darasa lenye rejista lakini halina mwalimu.

Twende Bunda wakati wa msimu wa pamba. Misumeno ya mashine ya kuchambulia ikizibwa, kibarua aliyeajiriwa juzi atatia mkono aizibue, na mashine ingali inazunguka. Nani alimwonya? Wajumbe wa msimu uliopita wamerudi mashambani kwao, na wapya hawajachaguliwa. Tena liko vumbi la pamba, ambalo likivutwa miaka nenda miaka rudi hubana kifua. Madaktari wanaujua ugonjwa huo. Mgonjwa mwenyewe hudhani ni mafua.

Twende Musoma, kwa wakataji wa minofu ya sangara. Penye mitambo ya kugandisha kwa amonia, gesi ikivuja huchoma macho na mapafu, na asiyejua mlango wa kukimbilia hana muda wa kuuliza. Twende Buhemba, wilaya ya Butiama, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kuta za mashimo huporomoka, na zebaki ikichomwa mvuke wake humwingia mchomaji na watoto walio karibu. Huyo ndiye mwenye haja ya kamati kuliko wote, naye ndiye aliye mbali nayo kuliko wote.

Wapo wasemao kwamba wajumbe ni wavivu, hata wakiitwa hawaji. Sisi twajibu: mtu haendi mahali ambapo neno lake halijibiwi. Mjumbe akisema mara tatu kwamba mkanda wa mashine hauna kinga, asijibiwe, mara ya nne atanyamaza. Uvivu huo amefundishwa.

Wapo pia wasemao kwamba mikutano inakula saa za kazi. Hao wakumbuke Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza. Wafanyakazi waliziona. Kesho yake waliamriwa kuingia kazini, jengo likaanguka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Habari ilikuwapo; kilichokosekana ni chombo cha wafanyakazi chenye nguvu ya kusema "hatuingii" na kikasikilizwa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Nchi hii iliweka kamati za wafanyakazi kwa sheria mwaka 1964, ikaleta mabaraza ya wafanyakazi kwa Waraka wa Rais wa 1970. Na ni Musoma hapa hapa, Novemba 1974, palipotoka Azimio la kuunganisha elimu na kazi. Basi itakuwaje mji huo uwe na wafanyakazi wasioelimishwa juu ya hatari za kazi yao wenyewe?

Twadai haya. Kamati ikutane kila miezi mitatu, katika saa za kazi zenye mshahara. Kila msimu wa pamba uanze kwa uchaguzi wa wajumbe na mafunzo, kabla mashine haijawashwa. Kila ajali, hata ile iliyokosakosa kuua, iandikwe na isomwe mbele ya wajumbe. Kila hoja ijibiwe kwa maandishi, kwa Kiswahili, na jibu libandikwe pale wanapolia chakula. Na mjumbe awarudie waliomchagua, asiyerudi, abadilishwe.

Tunajua uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya 2008, nao huchangiwa na mwajiri, si kwa kukatwa mshahara wa mfanyakazi. Ni jambo jema. Lakini fidia haioteshi kidole.

Ndugu, wiki hii ingia kazini, mtafute mjumbe wako, muulize. Kama hajui, mpelekeni pamoja kwa mwajiri mkaulize wote. Na kama hayupo, chagueni. Kamati isiyoambiwa kitu ni kipofu aliyepewa zamu ya ulinzi, na mwizi anayeingia hapo haibi mali, anaiba mikono ya watu.