Makelele ya makamyo: hatutaki ukuta wa kupasuka kwa mvua mbili



Kutoka Kolwezi, kupitia Likasi na Lubumbashi, mpaka Kasumbalesa, makamyo ya shaba na kobalti yanapita usiku na mchana kwa barabara ya taifa namba 1. Mwalimu anakata neno katikati, anangojea kamyo ipite, ndipo aendelee. Wakubwa wanatuambia: ni maendeleo hayo, muzoee.

Hatuzoee! Shirika la Afya Duniani lilishauri Ulaya, mwaka 2018, makelele ya barabara usiku yasipite desibeli 45. Masikio ya mtoto wa Likasi yana tofauti gani na ya mtoto wa Bruxelles?

Tunadai kuta za kuzuia makelele mbele ya mashule, mahospitali na manyumba ya kando ya barabara. Na tuwe macho, sababu tunawajua. Watatujengea matofali ya sima kidogo, mchanga mingi, watakata riboni, watapiga picha, basi. Ukuta wa makelele ukishapasuka, sauti inapita kwa ule ufa kama maji. Ukiwa mfupi, ni urembo tu: lazima ufiche kamyo kabisa.

Betoni ya kawaida inabeba uzito vizuri, lakini ukiivuta inapasuka. Maji yanaingia, chuma cha ndani kinashika kutu, kinavimba, kinabomoa betoni. Betoni ya kuchanganywa na nyuzi za polipropileni ao za kioo ni ingine: nyuzi zinashika ufa ungali mdogo, na hazina kutu. Paneli inaweza kuwa nyembamba, na sisi wenye diploma za ujenzi tunaokaa bure nyumbani tunaweza kuzitengeneza hapa hapa. Ila kioo kiwe kile chenye zirkonia. Kioo cha kawaida kinakuliwa na sima yenyewe. Hapo ndipo mwizi atapunguza bei. Iandikwe kwa kontra, na kontra itangazwe.

Franga iko? Iko! Sheria ya madini ya 2018 inapatia jimbo 25% ya redevansi, na 15% kwa mji ao sekta yenye mgodi. Tena kila kampuni inatoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii.

Bagavana ba Haut-Katanga na Lualaba, tuonyesheni ile 25% ilienda wapi. Halafu muanze na mashule.