Mafuta Yakichacha, Tusikatwe Sisi

Ndugu Wafanyakazi,

Tangu lini mtu akakatwa mshahara kwa sababu njugu imechacha? Sisi tunaopima mafuta ya makadamia ya Meru na Embu twasema wazi: asidi haikutiwa na mikono yetu. Njugu changa hazidumu. Na zikirundikwa gunini na maji yake, mafuta huvunjika na kutoa asidi. Hayo huanzia shambani na ghalani. Sisi twatia dawa ya alkali tone kwa tone mpaka rangi ya waridi itokee; matone yakizidi, asidi ni nyingi. Mwenye kupima homa siye aliyeileta.

Na kujua njugu changa kwataka ndoo ya maji tu. Kiini kikavu chenye mafuta asilimia 72 au zaidi huelea, kisichokomaa huzama. Mbona ndoo hiyo haiwekwi mzigo unapopokelewa?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaruhusu makato kwa hasara iliyoletwa na mfanyakazi kwa kusudi. Kusudi letu liko wapi? Waajiri, tuonyesheni kwanza karatasi ya vipimo. Nawe ndugu, usitie sahihi makato usiyoyaelewa. Mwite mjumbe wa chama.

Umoja ni nguvu!