Mambo ya Nyumbani: Mashine ya Kuchapia Inayoweza Kungoja



Tumepokea barua ya ndugu mmoja msomaji wetu, baba wa watoto wanne, akituuliza jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Asema kwamba watoto wake wasoma, na mara kwa mara huagizwa shuleni walete karatasi hii au ile iliyochapwa; naye mwenyewe huhitaji barua au nakala ya hati mara moja moja. Amehesabu, akaona kwamba nyumba yake haichapi zaidi ya kurasa kumi kwa mwezi. Dukani ameonyeshwa printa mbili, moja rahisi na moja ghali, na mwenye duka amemshauri achukue ile rahisi, kwa kuwa matumizi yake ni machache. Je, alishike shauri hilo?

Sisi twamjibu: asilishike upesi. Na jawabu hili hatukulipata bure, bali tumelilipia.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na akiba ndogo ya kuezekea upya jiko la uani. Tukatoa sehemu yake, tukanunua printa ya wino wa maji, iliyokuwa rahisi kupita zote dukani. Mwezi wa kwanza ikafanya kazi vizuri, na watoto wakafurahi. Kisha ikaingia Ramadhani, na baada yake likizo, na mashine ikakaa wiki saba imefunikwa kitambaa, haikuguswa. Hapo binti yetu akapata habari ya kazi ya ualimu, na maombi yalitakiwa yapelekwe kwa mkono kabla ya saa sita mchana wa siku fulani. Siku moja kabla yake alitaka kwenda steshenari kuchapisha barua yake. Sisi tukamzuia, tukasema, "Mama, ya nini kutoa fedha nje na mashine iko nyumbani?"

Usiku alipoiwasha, ikatoa karatasi nyeupe yenye mistari miwili mitatu ya rangi ya samawati. Tukaiamuru ijisafishe mara ya kwanza, na ya pili, hata ya tano. Mwishowe ikawaka taa ya kutujulisha kwamba wino umekwisha, nasi hatujapata hata ukurasa mmoja. Asubuhi binti akakimbilia steshenari. Umeme ukawa umekatika, na haukurudi mpaka saa tano na nusu. Alipofika ofisini muda ulikuwa umekwisha, na karatasi zake hazikupokewa. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimlaumu kwamba hakujitayarisha mapema. Hakutujibu neno.

Fundi alipoifungua mashine ndipo tulipofahamu kosa lilikuwa la nani. Printa ya namna hii hurusha wino wa majimaji kupitia vitundu vyembamba kuliko unywele. Ikitumika kila siku, vitundu hivyo hubaki vibichi. Ikiachwa majuma mengi, maji yaliyomo katika wino hukauka, na rangi huganda ikaziba njia, mfano wa kalamu ya wino iliyoachwa bila kifuniko. Mashine ikijisafisha huvuta wino mwingi ili kuzibua, na wino huo hauendi karatasini, bali humwagwa katika sifongo iliyo ndani ya tumbo lake. Kwa hiyo mtu achapaye kidogo aweza kununua wino mara nyingi, na sehemu kubwa ya wino huo isipate kuandika hata herufi moja. Dini yetu yatukataza israfu. Na israfu iliyo mbaya zaidi ni ile tuifanyayo huku tukijiona twaweka akiba.

Tena yako mambo mawili ambayo mnunuzi aghalabu haambiwi. La kwanza, chupa za wino ziletwazo pamoja na mashine mpya mara nyingi huwa hazikujazwa sawa na zile ziuzwazo peke yake. La pili, ziko printa ambazo rangi moja ikimalizika, nyekundu mathalan, hukataa kuchapa hata kwa wino mweusi. Mfanyabiashara mwema huyaeleza hayo kabla ya kupokea fedha, maana kuficha aibu ya bidhaa si katika biashara ya halali.

Ama ile printa ya pili, iliyomtisha ndugu yetu kwa bei yake, hiyo ni printa ya leza, nayo haitumii maji hata kidogo. Asili ya kazi yake ni ugunduzi wa Mmarekani mmoja, Chester Carlson, ambaye mwaka 1938 mjini New York alifaulu kunakili maandishi kwa unga mkavu na nguvu ya umeme. Mpaka leo njia ni ile ile: unga mweusi, uitwao tona, huvutwa na umeme ukashika mahali penye herufi, kisha hupitishwa katika moto ukayeyuka na kuganda karatasini. Unga ulio mkavu hauna maji ya kukauka. Uache mwezi, uache mwaka. Siku utakapoihitaji mashine, itachapa. Na tona moja huweza kuchapa kurasa elfu na zaidi. Kwa nyumba ya kurasa kumi kwa mwezi, hiyo ni kazi ya miaka kadhaa.

Kwa hiyo, ndugu yetu, mtu wa matumizi machache asiangalie tu mashine ipi ni rahisi, bali aangalie ipi yaweza kungoja. Kwa mwenye kuchapa maandishi tu, printa ya leza ya rangi nyeusi peke yake ndiyo imfaayo. Akihitaji picha ya rangi mara mbili kwa mwaka, na aende dukani kwa mpiga picha. Ziko pia printa za wino zenye matangi ya kujazwa kwa chupa, na wino wake ni rahisi sana kwa kila ukurasa. Lakini hizo nazo zina vitundu vile vile, na zamfaa achapaye kila siku, si huyu wetu.

Walakini, leza nayo ina masharti yake. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi, mara nyingi wati mia kadhaa na hata kukaribia elfu; basi nyumba itumiayo umeme mdogo wa jua na iulize kwanza, maana hapo printa ya wino, iliayo wati chache, huwa na nafuu. Tena sisi watu wa pwani tuna hewa ya unyevu, na karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja na kukwama ndani ya mashine. Rimu ya karatasi ifungwe vizuri katika mfuko wake, zisiachwe karatasi nyingi katika sinia ya mashine. Na unga ukimwagika, ufutwe kwa kitambaa chenye maji baridi, si ya moto, maana joto huugandisha.

Kabla ya kulipa, mnunuzi na aulize maneno manne. Tona yake yapatikana mjini kwetu, na kwa bei gani? Yachapa kurasa ngapi? Je, mashine yapokea kazi kutoka katika simu, kwa kuwa nyumba nyingi hazina kompyuta? Na je, yaweza kutoa nakala, maana cheti cha kuzaliwa na kitambulisho ndivyo vitakiwavyo kila siku? Asiyeuliza hapo atakuja kuuliza nyumbani, na nyumbani hakuna wa kumjibu.

Na kwa yule ambaye tayari anayo printa ya wino, asiitupe. Na achape ukurasa mmoja wenye rangi zote kila juma, au kila baada ya majuma mawili. Na aizime kwa kitufe chake mwenyewe, si kwa kuchomoa waya ukutani. Maana ikizimwa kwa kitufe hurudisha kichwa chake mahali pake na kukifunika, na ikikatiwa umeme ghafula huweza kukiacha wazi kikakauka. Na wale ambao luku huwaishia usiku wakumbuke jambo hili.

Sasa limebaki neno moja, na pengine mwenye duka hatalipenda. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme steshenari yatoza shilingi 200 kwa ukurasa. Kurasa kumi kwa mwezi ni kurasa 120 kwa mwaka, yaani shilingi 24,000. Tuseme tena mashine nzuri yauzwa shilingi 400,000. Fedha hizo zingelipia kazi ya steshenari kwa miaka zaidi ya 16! Kwa hiyo, ikiwa duka li karibu na nyumba yako, huenda mashine iliyo bora kwako ni ile usiyoinunua. Kununua kuna maana ikiwa duka li mbali na nauli ni kubwa, au ikiwa kazi yako huja usiku, au ikiwa una karatasi za siri, kama za ugonjwa au za mirathi, ambazo hupendi zisomwe na kila aliye foleni.

Iko pia njia ya tatu, nayo ndiyo tuliyoishika sisi. Baada ya mkasa ule tulikaa na majirani watatu, na madrasa yetu ikawa ya tano katika shirika. Kila mmoja akatoa fungu lake, tukanunua printa moja ya leza, tukaiweka katika chumba cha madrasa. Pana daftari na kopo: achapaye huandika idadi ya kurasa na kutia fedha yake, na fedha hiyo ndiyo inunuayo tona na karatasi. Mtihani wa watoto wa madrasa twauchapa hapo, na barua za majirani, na kazi za shule. Mzigo ambao ungemwelemea mmoja umekuwa mwepesi kwa watano.

Daftari lile alishika binti yetu. Siku tuliyomkabidhi tulimwambia mbele ya mama yake kwamba kosa la siku ile lilikuwa letu sisi, si lake. Kwamba yeye alitaka kwenda mapema na sisi tukamzuia kwa ajili ya shilingi chache. Hilo lilitupasa kulisema siku ile ile, na tulilichelewesha. Wazazi, tusiwe wepesi wa kuwalaumu watoto wetu kwa hasara tulizozinunua sisi wenyewe dukani.

Binti hajapata kazi bado. Mwaka huu amepeleka maombi mengine, nayo aliyachapa siku tatu kabla.

Mwenyezi Mungu atujaalie hekima katika matumizi yetu na uadilifu katika nyumba zetu. Wabillahi tawfiq.