Mahabusu Nao Wana Usharika
Na Elirehema Mshana

Jumapili iliyopita jogoo mmoja aliuzwa shilingi elfu tisini kwenye mnada wa mavuno usharikani kwetu. Alinunuliwa, akarudishwa madhabahuni, akanunuliwa tena, na kila aliyemrudisha alipigiwa makofi na vigelegele. Fedha ni za uzio wa kanisa.

Kabla zamu ya mayai haijafika, mama mmoja wa Umoja wa Wanawake alisimama. Ijumaa usiku polisi walikuwa wamekamata vijana wa Kiethiopia vichakani, nje kidogo ya mji wetu huu wa chini ya milima ya Upare, na sasa walikuwa mahabusu kituoni, ng'ambo tu ya barabara kuu. Mama aliomba mikungu miwili ya ndizi isinadiwe, ipikwe, wapelekewe. Hakuomba zaidi ya hapo.

Mzee wa kanisa aliyeshika kipaza sauti hakumwacha amalize. Alisema wale ni wahamiaji haramu, serikali inawalisha, na kanisa lisijiingize kwenye kesi za watu. Kisha akaita bei ya mayai. Niliposimama kusema kwamba mama ana haki, nikaambiwa yazungumzwe baada ya ibada.

Yakazungumzwa, pale nje chini ya mwarobaini. Mzee akarudia kwamba sheria ni sheria na kwamba anayemsaidia mhamiaji asiye na kibali atajikuta naye kizimbani. Nilimwambia, na leo naandika ili asome tena: anayemficha mtu nyumbani au kumpakia kwenye lori ana kesi ya kujibu. Anayefika mapokezi ya kituo cha polisi mchana kweupe na sufuria ya chakula, akaomba ruhusa, hana kesi yoyote. Nusu ya wazazi wa mji huu wamewahi kuwapelekea watoto wao chakula mahabusu. Tofauti pekee ni kwamba hawa mama zao wako Ethiopia.

Hukumu ni kazi ya hakimu, hakuna aliyeomba kanisa liifanye. Kanisa limepewa kazi nyingine, na imeandikwa wazi kwenye Mathayo sura ya 25, mahali ambapo Kristo anajihesabu mwenyewe kati ya wenye njaa, wageni na wafungwa, na hakuna mahali anapouliza nani kati yao alikuwa na hati ya kusafiria. Familia yake mwenyewe ilikimbilia Misri usiku. Mtu anayeyajua haya tangu shule ya Jumapili, akayafundisha kipaimara miaka na miaka, halafu akamnyima mfungwa ndizi mbele ya madhabahu, amefanya kosa kubwa kuliko kuvuka mpaka wa Holili kwa njia ya panya.

Jumanne nilikwenda mahakamani. Waliletwa wakiwa peku, wengine wamevaa fulana moja na ubaridi wote ule wa asubuhi, midomo imepasuka. Kesi iliitwa, ikaahirishwa, kwa sababu hakukuwa na mkalimani. Karani alisema anatafutwa wa Kiamhari. Lakini mmoja wao, kijana mwembamba anayejua Kiingereza cha shule, aliniambia walipokuwa wameketishwa kwenye korido kwamba Kiamhari wenzake kadhaa hawakielewi vizuri, wao wanaongea Kihadiya. Anatoka Hosaena. Askari hakutuzuia kuongea. Alikuwa mtu mwema, naye alisema wazi kwamba tangu asubuhi hawajatia kitu mdomoni.

Nikamuuliza kijana anasali wapi. Akajibu: Mekane Yesus.

Mlutheri yeyote aliyewahi kukaa kwenye sinodi anajua hilo ni kanisa gani. Ni Walutheri wa Ethiopia, ndugu zetu wa ushirika mmoja, na kwa idadi ya waumini wao na sisi tuko kati ya makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani. Katibu mkuu wao, Gudina Tumsa, aliuawa na utawala wa Derg mwaka 1979 kwa sababu alikataa kanisa lake liwe chombo cha serikali. Kijana yule amebatizwa kama mimi na amepata kipaimara kama mzee wetu. Tungemkuta amevaa suti kwenye mkutano wa maaskofu tungemkaribisha meza kuu. Na hata angekuwa Mwislamu au asiye na dini, njaa yake ingedai ndizi zile zile.

Tumefikaje hapa? Sadaka zetu zimegeuka saruji, basi. Diakonia, huduma kwa wahitaji, imebaki kuwa mstari mmoja kwenye bajeti ya usharika. Haikuwa hivi. Mwaka 1964 Walutheri ndio waliotangulia kuanzisha TCRS, shirika lililowahudumia wakimbizi wa Burundi kwenye makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na watoto wa makazi yale wakaja kuwa Watanzania wenzetu. Mwaka 2014 nchi hii iliwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000. Mwaka 1977 Walutheri wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam, wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza, na mkutano huo huo ukatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani. Hatukusema tusijiingize kwenye kesi za watu.

Vijana hawa wanakwenda huko huko Afrika Kusini, kutafuta kazi, kwa njia ambayo kila anayeishi kando ya barabara kuu anajua inavyoua. Juni 2012 maiti zaidi ya 40 za Waethiopia zilitupwa porini mkoani Dodoma, wamekosa hewa ndani ya lori. Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena kule Tete, Msumbiji. Walio hai wanaishia magereza yetu, wanahukumiwa faini wasiyoweza kulipa, wanatumikia kifungo, na wakimaliza wanaendelea kukaa humo kwa kukosa nauli ya kurudi kwao. Januari 2021, Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alipokuja Chato, Rais Magufuli alitangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 kwa mpigo. Wote hao walikuwa kwenye magereza yaliyo jirani na sharika zetu.

Kesi itatajwa tena wiki ijayo. Akina mama wameshapata ruhusa ya kituo, wanapika makande, hawakusubiri kikao cha baraza la wazee. Kilichobaki ni mkalimani, na hapo ndipo namgeukia askofu wetu kwa heshima zote. Baba Askofu, Mekane Yesus wana wachungaji wanaoongea Kihadiya. Ofisi yako hupiga simu Ujerumani na Marekani kila mwaka kuomba kengele, visima na mabati. Addis Ababa ni karibu zaidi, na safari hii tusiombe mabati.